Mbiu ya Hatari Ndani ya Nyumba: Vifaa vya Intaneti, Redio na Mto Lualaba Mjini Kindu

Tahadhari ya hatari hupita hatua nne kabla ya kuokoa mtu. Kwanza, dalili huonekana na kupimwa. Pili, mwenye mamlaka huamua kwamba hatari ni ya kweli na hutaja eneo litakaloguswa. Tatu, ujumbe husafirishwa hadi kwa watu. Nne, watu huuelewa, huuamini na huchukua hatua wakiwa bado na nafasi. Hatua moja ikikosekana, tatu zilizobaki hazifai kitu.

Vifaa vya nyumbani vinavyotumia intaneti vinahusu hatua ya tatu. Miongoni mwao ni spika zinazojibu sauti ya mtu, televisheni, kamera za mlangoni, majokofu na taa zinazoamriwa kutoka mbali. Wazo la kuvitwika kazi ya kutoa tahadhari limetokea katika nchi ambako watu wengi wameacha redio na televisheni za kawaida. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Januari 2021 iliitaka Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ichunguze jinsi tahadhari zinavyoweza kupitia intaneti, pamoja na huduma za filamu na muziki mtandaoni. Mjini Kindu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hali ni nyingine: redio bado inasikilizwa, na jokofu lenye intaneti si kitu cha kukutwa sebuleni. Hata hivyo swali la kama vifaa hivi vitoe tahadhari linauhusu mji huu pia, kwa sababu kuna vifaa vya aina hiyo ambavyo tayari vinaingia majumbani mashariki mwa Kongo. Jibu linalofaa ni ndiyo yenye mipaka. Kila kifaa cha nyumbani ambacho kampuni inaweza kukiamuru kutoka mbali kinapaswa pia kuweza kutoa tahadhari. Lakini kisiwe njia ya kwanza wala njia pekee, na kazi hiyo isitegemee pesa za mwenye nyumba wala intaneti isiyokatika.

Njia za mbiu, kutoka ngoma hadi mnara wa simu

Katika bonde la Kongo habari za dharura zilisafiri kwa ngoma ya gogo lililochongwa mwanya, ambayo wengi huiita lokole. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma hiyo inavyofuata sauti za juu na za chini za maneno. Kwa kuwa maneno mengi yana mfuatano uleule wa sauti, mpigaji hakupiga neno tupu. Alilifunga ndani ya fungu refu la maneno yanayojulikana, akalirudia, ili msikilizaji asichanganye moto na kifo. Kanuni hiyo haijapitwa na wakati: tahadhari njema hueleza ni nini, ni wapi na nini kifanyike, kisha hurudiwa. Kelele peke yake huamsha watu bila kuwaongoza.

Redio ilirefusha mwendo wa mbiu. Marekani ilianzisha mfumo wa tahadhari wa redio mwaka 1951, ikaubadilisha mwaka 1963, na mwaka 1997 ikaanza mfumo unaotumika hadi leo. Japani, kuanzia mwaka 1985, imekuwa na ishara maalumu ya shirika la NHK inayoweza kuwasha redio au televisheni iliyotengenezwa kuitambua, hata ikiwa imelala katika hali ya kusubiri. Mawimbi ya FM nayo hubeba data fupi pamoja na muziki na maneno, kwa mfumo uitwao RDS. Katika orodha yake ya aina za vipindi, namba ya mwisho, 31, imetengwa kwa ajili ya hatari. Kwa hiyo kifaa kilicholala kinaweza kuamshwa bila intaneti hata kidogo.

Hatua iliyofuata ilikuwa mnara wa simu. Ujumbe wa kawaida wa simu hutumwa kwa namba moja moja, na mtandao ukielemewa unaweza kuchelewa kwa saa nzima. Njia nyingine ni mnara wenyewe kutangaza ujumbe mmoja kwa kila simu iliyo katika eneo lake, kwa pamoja, bila kujua namba za wapokeaji. Njia hiyo haielemewi na wingi wa watu, haidai salio, na inafanya kazi hata katika mitandao ya kizazi cha pili. Uholanzi na Marekani ziliianza mwaka 2012. Ujerumani ilikawia: mafuriko ya Julai 2021, yaliyoua watu zaidi ya 180 nchini humo, yaliikuta haina, na huduma ikaanza mwaka 2023.

Ili njia hizi zote zibebe ujumbe uleule, kuna lugha moja ya kompyuta iitwayo CAP, iliyotolewa mwaka 2004 na kukubaliwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mwaka 2007. Tahadhari huandikwa mara moja, ikiwa na mtumaji, eneo, uzito wa hatari, muda na maelekezo katika lugha kadhaa, kisha kila chombo huisoma kwa namna yake. Redio huitamka, simu huiandika, taa huwaka na kuzima. Umoja wa Mataifa ulitangaza Machi 2022 lengo la kumfikishia kila mtu duniani tahadhari ya mapema ifikapo mwisho wa mwaka 2027.

Hatari za Kindu na muda zinaotoa

Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, iko kando ya Lualaba, jina la Mto Kongo kabla ya maporomoko ya Boyoma. Komini za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, Alunguli iko ng'ambo. Reli inayotoka Katanga huishia hapa, na vyombo vya majini huendelea kuelekea Ubundu. Watu huvuka mto kila siku kwenda sokoni, shuleni na mashambani. Kwa mji wa namna hii swali la kwanza kuhusu tahadhari ni muda: kati ya dalili na madhara kuna dakika, saa au wiki?

Mafuriko ya Lualaba hutoa muda mrefu. Maji yanayopita Kindu hutoka mbali: mabwawa ya Upemba, na Ziwa Tanganyika kwa njia ya mto Lukuga, unaotoka Kalemie na kuingia Lualaba karibu na Kabalo. Ziwa hilo lilipopanda katika miaka ya 2020 na kufurika mitaa ya Kalemie, Uvira na Bujumbura, sehemu ya maji hayo ilikuwa na safari ya kushuka kuelekea Kongolo, Kasongo na Kindu. Mwishoni mwa mwaka 2023 na Januari 2024 Mto Kongo ulifikia kimo ambacho haukuwa nacho kwa miongo sita. Kinshasa, shirika la njia za mito, RVF, lilipima mita 6.20, karibu kabisa na mita 6.26 za mwaka 1961. Mafuriko ya mto mkubwa kama huu hayamvamii mtu usiku bila taarifa. Anayepima maji Kongolo leo anaweza kuwaambia watu wa Kindu kitakachowafikia siku kadhaa baadaye. Kinachohitajika hapo ni taarifa ya kila siku yenye kimo cha maji, mitaa itakayoguswa, mahali pa kuhamia na namna ya kulinda maji ya kunywa. King'ora cha usiku wa manane hakina kazi kubwa.

Dhoruba ya mtoni ni kinyume chake. Upepo wa ghafla hupindua mitumbwi na maboti yaliyojaa watu na mizigo, na muda wa kuonya ni mfupi. Tena anayehitaji onyo hayupo nyumbani, yuko majini au anapakia bandarini. Hapa kifaa cha sebuleni hakisaidii kitu. Simu ya nahodha, redio ya bandari na mtu mwenye mamlaka ya kuzuia boti lisiondoke ndivyo vinavyookoa.

Kipindupindu, ambacho hurudi mara kwa mara katika majimbo ya mashariki yenye mito na maziwa, hutoa siku chache kabla ya kuenea. Tahadhari yake ni mafunzo zaidi kuliko mshtuko: klorini ipatikane wapi, mgonjwa apewe nini njiani, kituo gani kinapokea.

Nje ya Maniema kuna hatari za muda mfupi zaidi. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilishusha matope na mawe katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, Kivu Kusini, na watu zaidi ya 400 walikufa. Katika milima ya namna hiyo muda wa kuonya huhesabika kwa saa au dakika, na hapo ndipo sauti ndani ya nyumba ingeweza kuwa na thamani kubwa kuliko zote.

Goma, Mei 2021

Mfano unaofundisha zaidi katika eneo hili ni wa Goma. Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka bila tahadhari rasmi kutangulia. Watu waliona mwanga mwekundu angani, wakaanza kukimbia kabla ya kuambiwa lolote. Simu zilikuwepo mikononi na redio zilikuwepo hewani, kwa hiyo njia za kusafirisha ujumbe hazikukosekana. Kilichokosekana ni ujumbe wenyewe. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, kilikuwa kimepoteza ufadhili mwaka uliotangulia, na kwa miezi kadhaa hakikuweza kulipia hata intaneti ya kupokea takwimu kutoka vituo vyake vya mlimani.

Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru sehemu ya mji ihame, akaeleza kwamba magma ilikuwa chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Amri hiyo ilisomwa hewani, na watu kwa mamia ya maelfu wakatoka kuelekea Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda. Mlipuko mwingine haukutokea. Lakini tangazo moja, lililotoka kwa mtu mmoja anayejulikana, liliweza kuhamisha sehemu kubwa ya mji ndani ya siku moja.

Kwa hiyo, intaneti ya kwanza kulipiwa ni ile ya kipimo, kabla ya ile ya spika. Kitambuzi cha mlimani au cha mtoni kikikosa mawasiliano, hakuna kifaa cha sebuleni kitakachokuwa na la kusema.

Kifaa kilichounganishwa ambacho tayari kipo

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye aliye na umeme. Kindu, kama miji mingi ya ndani, hutegemea sana jenereta, betri na paneli za sola. Kwa sababu hiyo kifaa cha nyumbani kinachowasiliana na kompyuta ya mbali si jokofu. Ni mtambo wa sola unaouzwa kwa malipo ya kidogo kidogo.

Biashara hiyo ilikua Afrika Mashariki. M-KOPA ilianza kuuza mitambo hiyo Kenya mwaka 2012, ikilipwa kwa simu, na kampuni nyingine zikafuata. Bboxx iliifikisha Goma. Ndani ya kisanduku cha betri, katika aina nyingi, mna laini ya simu. Mteja akilipa, kisanduku hupokea amri na taa huwaka. Asipolipa, huzimwa. Mitambo mingine haina laini na hufunguliwa kwa namba zinazobonyezwa, kwa hiyo haiwezi kuamriwa kutoka mbali. Yenye laini, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na taa, redio na hata televisheni, ina kila kitu kinachohitajika kwa tahadhari: betri yake yenyewe, mwanga, sauti na mawasiliano.

Njia ya pili inayofunguka ni setilaiti. Mamlaka ya udhibiti wa posta na mawasiliano, ARPTC, ilikuwa imepiga marufuku Starlink, huduma ya intaneti kwa setilaiti, mwaka 2024, kisha ikaipa kibali Mei 2025. Nyumba, hoteli, shule au kituo cha afya chenye sahani ya Starlink hakitegemei tena mnara wa simu, na kinaweza kuunganishwa na vifaa vya kawaida vya intaneti. Bei yake bado inaiweka mbali na kaya nyingi, lakini chombo kimoja katika kituo cha afya kinaweza kuhudumia mtaa mzima.

Hapa kuna hoja ya haki. Kampuni inayoweza kuingia ndani ya nyumba ya mtu ili kuzima taa kwa ajili ya deni inaweza pia kuingia ili kumwambia kwamba maji yanakuja. Uwezo ni uleule, na gharama ya ziada ni ndogo: programu, sauti ya onyo, na mpangilio wa mwanga. Anayeruhusiwa kuutumia kwa kukusanya pesa alazimishwe kuutumia kwa kulinda uhai. Vilevile mtambo uliozimwa kwa kutolipa ubaki na uwezo wa kutoa onyo, kwa maana kaya iliyoshindwa kulipa mwezi huu huenda ndiyo iliyo bondeni.

Faida ambayo simu haina

Simu ni ya mtu mmoja, na katika kaya nyingi ni ya baba. Akiwa safarini kwenye machimbo au mtoni, simu imeondoka naye. Wengine huizima usiku kutunza chaji, au wameiacha kwa mwenye jenereta anayechaji simu kwa malipo. Mama, watoto, wazee na mgonjwa aliyelala hubaki bila habari. Kifaa cha nyumbani ni cha wote waliomo. Taa inayowaka na kuzima humfikia asiyesikia, sauti inayotamka maneno humfikia asiyeona na asiyejua kusoma.

Lugha nayo ni sehemu ya hoja hiyo. Maandishi mafupi ya Kifaransa kwenye kioo cha simu hayamfai mtu ambaye lugha yake ya kila siku ni Kiswahili cha Maniema au mojawapo ya lugha za jimbo. Sauti iliyorekodiwa mapema na mtu wa hapa, yenye sentensi fupi zinazotaja mtaa kwa jina, hueleweka mara moja.

Mambo yanayoweza kuharibu kazi

Kasoro ya kwanza ni kukatwa kwa intaneti. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 serikali ilizima intaneti nchini kote kwa takriban siku 20. Mfumo wa tahadhari unaoishi kwa intaneti tu ungekuwa bubu kwa muda wote huo, katika majira ya mvua. Redio ya FM yenye jenereta yake na mnara wa simu vinaweza kuendelea pale intaneti inapofungwa. Sheria ingeweza kutamka wazi kwamba njia za tahadhari haziguswi na amri yoyote ya kuzima mawasiliano.

Ya pili ni onyo la uongo. Tarehe 13 Januari 2018 watu wa Hawaii walipokea kwenye simu zao ujumbe kwamba kombora linakuja. Ilichukua dakika 38 kutuma ujumbe wa kukanusha. Kila onyo lisilo la kweli hupunguza idadi ya watakaokimbia siku ya kweli, na kifaa kilicho ndani ya chumba cha kulala huchosha haraka kuliko redio ya jirani. Kwa hiyo sauti ya nyumbani itengwe kwa hatari inayotaka mtu aondoke au ajikinge sasa hivi. Habari za kimo cha mto na za usafi wa maji ziachiwe redio.

Ya tatu ni uvamizi. Februari 2013 wahuni waliingia katika mfumo wa tahadhari wa kituo cha televisheni jimboni Montana, Marekani, wakatangaza kwamba wafu wanafufuka na kushambulia watu. Neno la siri la kiwandani halikuwa limebadilishwa. Katika eneo lenye makundi yenye silaha, anayeweza kuutangazia mji mzima hofu anaweza kuufukuza na kuupora. Kila ujumbe unahitaji saini ya kidijitali inayothibitisha mtumaji, na vifaa vikatae usio nayo.

Ya nne ni usiri. Tangazo la mnara halijui nani amelipokea. Kampuni ya vifaa, kinyume chake, huwa na jina la mteja, simu yake na mahali nyumba ilipo. Orodha hiyo ni hatari mikononi mwa watu wabaya, na tahadhari isiwe kisingizio cha kuipanua au kuisambaza. Njia salama ipo: ujumbe utumwe kwa vifaa vyote ukiwa na alama ya eneo, na kila kifaa chenyewe kiamue kama kinahusika. Kwa namna hiyo mtumaji hahitaji kujua aliyelala wapi.

Mpangilio unaofaa

Kwa mji kama Kindu utaratibu wa matumizi ya pesa na juhudi unajipanga wenyewe. Kwanza ni vipimo vya maji katika Kongolo, Kasongo na Kindu, vyenye mtu wa kuvisoma kila siku na njia ya uhakika ya kufikisha namba hizo kwa RVF, kwa idara ya hali ya hewa METTELSAT na kwa ofisi ya jimbo. Pili ni amri: ijulikane ni ofisi gani inayotoa tahadhari, nani anashika nafasi usiku na siku za mapumziko, na nani anafuta onyo lililokosewa. Tatu ni redio. Shirika la utangazaji la taifa RTNC, Radio Okapi, inayotangaza kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine tatu za taifa na Kifaransa tangu mwaka 2002, na redio za mji zipewe ujumbe uleule kwa wakati uleule. Nne ni kampuni za simu: tangazo la mnara liwe sharti la leseni na lisilipiwe na mpokeaji. Tano ni watu: wakuu wa mitaa, makanisa, misikiti, shule na vijana wenye megafoni, hasa kwa mitaa isiyo na mtandao.

Vifaa vya nyumbani huja baada ya hapo, kama tabaka la sita, na huja kwa sheria ya bei nafuu. Kila mtambo wa sola wenye laini ya simu, king'amuzi au spika inayouzwa nchini iweze kusoma ujumbe wa CAP, kusikia tangazo la mnara na, pale penye redio ndani yake, kuamshwa na ishara ya FM. Iwe na betri ya kutosha kwa saa kadhaa, ikubali kujaribiwa mara moja kwa mwezi kwa saa inayojulikana, na sauti zake zirekodiwe kwa Kiswahili cha hapa. Kifaa kilichotengenezwa hivyo kikikosa intaneti bado kina mnara, kikikosa mnara bado kina redio, na kikikosa vyote jirani aliyesikia bado anaweza kugonga mlango.